Kilomita 900 kwenda kusalimia jiwe

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu, aliye mwaka wa pili chuo kikuu, alinitumia ujumbe wenye shikamoo mbili. Mwenye wapwa anaelewa. Shikamoo moja ni salamu, shikamoo mbili ni mchango. Nikasogeza kidole chini na kweli: darasa lao linakwenda ziara ya mafunzo Nyanda za Juu Kusini, kila mtu atoe Sh 120,000, bumu halijaingia, "na mjomba ndiye tegemeo." Mwisho wa ujumbe, kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba, akaandika wanachokwenda kukiona: KIMONDO CHA MBOZI.

Niliilaza simu kifudifudi mezani, nikaomba maji ya kunywa.

Mimi na kimondo hicho tunafahamiana. Tulionana mwaka 2009, nikiwa na umri kama wa huyu mpwa na akili kama yake. Tulitazamana dakika saba hivi, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Hakuna aliyeanza. Kisha mimi nikarudi kupanda Kosta, chenyewe kikabaki pale pale kilipokuwa, na mpaka leo sijui nani kati yetu alipoteza muda wake zaidi. Nadhani ni mimi, kwa sababu chenyewe hakikuchangishwa.

Nianze na kura, maana uchungu wote unaanzia hapo.

Tulikuwa walimu watarajiwa wa Jiografia, 28 kwa idadi, na Dokta aliyetufundisha alitupa uhuru wa kuchagua kituo kikuu cha ziara. Lilikuwa kosa. Watu wa umri ule hawapewi uhuru wa kuchagua hata rangi ya fulana. Mezani kulikuwa na mawili. La kwanza ni Ziwa Ngosi, ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano juu ya milima ya Uporoto, maji ya kijani chini, msitu pande zote. Hilo lilitetewa na Mnyakyusa mmoja wa darasa letu, kijana mpole, ambaye alisimama akaeleza vizuri kabisa halafu akaharibu kwa sentensi ya mwisho: "Ila gari halifiki juu, tutapanda kwa miguu."

Ukumbi ukapoa.

CR wetu akainuka. CR, kwa wasiosoma vyuo vyetu, ni mwakilishi wa darasa, mtu anayechaguliwa kwa sauti. Hakueleza kitu. Alitembea mbele, akanyoosha kidole juu kwenye dari, akasubiri mpaka wote tukaangalia panka, kisha akasema taratibu: "Ndugu zangu. Hiki kitu. Kimetoka. Angani." Akaongeza kwamba kuna shimo pale kilipoangukia, shimo ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Akaongeza tena, kwa sauti ya chini kama anatupa siri, kwamba gari linafika hadi mlangoni.

Kura 17 kwa 11. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale 17. Nayasema haya ili nisije nikaonekana nalalamika kama mtu asiyehusika.

Hata hivyo, hatukuwa wajinga kiasi hicho. Tulimtafuta kaka mmoja wa mwaka wa tatu ambaye darasa lake lilikuwa limeshakwenda, tukamkuta kwenye kantini anakula wali maharage. Tukamuuliza, kimondo kikoje? Aliweka kijiko chini. Akatazama mbali, kule kwenye masufuria. "Wadogo zangu," akasema, "hakisimuliki. Mpaka mkione wenyewe." Akaokota kijiko akaendelea kula. Sisi tukaondoka pale tumesisimka mpaka mmoja wetu akasahau chenji yake.

Tuliondoka Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa sita, kwenye Kosta ya kukodi iliyokuwa na redio nzuri na CD moja. Ilikuwa ya kwaya, na ilikuwa na mkwaruzo kwenye wimbo wa tatu. Kwa hiyo tulisikia wimbo wa kwanza, wa pili, na nusu ya wa tatu, halafu mwimbaji akakwama kwenye neno "Mwokozi" mara tisa au kumi hadi dereva aipige redio ngumi, na CD ikaanza upya. Kutoka Kibaha hadi Mbeya. Sijui Mwokozi alifanya nini katika wimbo ule, na kwa kweli ningependa kujua kabla sijafa.

Dereva mwenyewe alikuwa mzee wa makamo aliyevaa kofia ya sufu tangu Ubungo, kwenye joto lile, tukamcheka. Tulikuja kumwelewa Mafinga.

Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuvuka Morogoro. Kwetu sisi wa Pwani, nchi iliishia Morogoro. Baada ya hapo ni mahali panapotoka mahindi. Sasa barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na humo tuliona nyani wengi, swala, na twiga mmoja aliyetugeuzia mgongo kama mwenye nyumba aliyechoka na wapangaji. Kuna bango limeorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Tulifanya hesabu, tukaona darasa zima likiuzwa pamoja na Dokta hatumfikii twiga. Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Usiniulize kwa nini. Hakuna aliyekuwa na jiko, hakuna aliyekuwa anakwenda kwao, lakini wauzaji wa pale wanajua kuuza, na kitunguu kikipita dirishani mbele ya macho yako mara nne unajikuta unakihitaji. Vitunguu hivyo vilisafiri na sisi mpaka Mbozi na kurudi. Vilitembea kuliko wakulima waliovilima.

Halafu Kitonga. Mlima ule sina neno nao; ndicho kitu pekee katika safari yote kilichokuwa kama nilivyoambiwa. Barabara imejikunja ubavuni mwa jabali, bonde limekaa chini linakungoja, na malori ya mizigo yanapanda kwa mwendo wa maiti. Mbele yetu kulikuwa na lori la Zambia, na utingo wake alikuwa anatembea kando yake kwa miguu, gogo mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi endapo injini itakata tamaa. Alikuwa anatembea polepole huku anakula muwa. Tulipata muda wa kumsalimia, akatujibu, tukamuuliza habari za nyumbani, akatujibu, na bado lori lilikuwa halijatuacha. Dada mmoja wa Unguja, ambaye mlima mrefu kuliko wote aliowahi kuupanda ni ngazi za hosteli, alifumba macho tangu kona ya kwanza akawa anasoma dua kwa sauti. Mle ndani hakuna aliyemwambia apunguze. Hata CR, ambaye alikuwa Mlokole, alikuwa anaitikia amina.

Juu ya mlima tukasimama kuchimba dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na hapo ndipo baridi ilipotusalimia rasmi. Kufika Mafinga, yule dada wa Unguja alikuwa amevaa kila kitu alichobeba: dera, kanga mbili, sweta la kuazima na taulo. Mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi lenye picha ya mnazi.

Kulikuwa na mwenzetu wa Iringa, na alipoona tumeingia kwao akabadilika, akawa mwenyeji wa barabara nzima. Akatufundisha salamu: ukikutana na mtu, sema "kamwene", naye atakujibu "kamwene". Ikatupendeza, maana ni neno moja na halihitaji umri. Tukaitumia kwa muuza nyanya wa Ilula, kwa polisi, kwa mbuzi. Shida ni kwamba hakuna aliyetuambia mwisho wake uko wapi. Tuliendelea kuigawa Makambako, tukaigawa Chimala, tukaifikisha Mbeya mjini saa sita za usiku kwa mhudumu wa gesti, ambaye alitutazama tukiwa tumejitanda mataulo, akamwambia mwenzake kwa Kiswahili safi, "Hawa wameshuka wapi?"

Gesti tulilala watatu watatu. Mimi nilipata katikati. Wengine walisema nina bahati, kwa sababu ya joto.

Asubuhi tukanywa chai ya rangi, tukashika barabara ya Tunduma. Siku hizo Mbozi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Huu Mkoa wa Songwe umekuja 2016. Mandhari ni mazuri, siwezi kukataa. Kahawa imeiva mashambani, mahindi yamekauka yanangoja kuvunwa, vilima vimepangana. Lakini hatukuwa tunaangalia nje. CR alikuwa amesimama katikati ya gari anagawa zamu za kupiga picha. Darasa zima lilikuwa na kamera moja, ya dada mmoja ambaye baba yake alikuwa anafanya kazi bandarini, na betri zilikuwa mbili. CR alikuwa ameandika ratiba: kwanza picha ya wote pembezoni mwa shimo, pili picha za makundi, tatu mmoja mmoja, "na tafadhali msisogee sana ukingoni."

Mnyakyusa wetu alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, kimya, anaangalia kule ilikobaki milima yao.

Tukaacha lami, tukaingia vumbi. Vumbi la kule ni jekundu na lina bidii. Liliingia dirishani, liliingia puani, liliingia kwenye vitunguu. Baada ya mwendo tukasimama. Dereva akazima injini, na kwaya nayo ikazimika katikati ya "Mwo—".

"Tumefika," akasema.

Tukashuka mbio. Baadhi yetu tukaanza kupanda kilima kwa kasi kulitafuta shimo. Nilikuwa mbele mimi, nakumbuka, na shati langu la mnazi, wakati dereva aliponiita. Alikuwa ameegemea gari, anachokonoa meno. Hakuinua mkono. Alinyoosha kidevu.

"Kile pale. Mmekipita."

Tukageuka.

Sasa namwomba msomaji afumbe macho, halafu afikirie kiazi kitamu. Kiwe kikubwa, urefu wa mita 3, kimo chake mita 1 hivi, kinafika kiunoni. Kichomwe kwenye majivu mpaka kiwe cheusi chenye kutu kutu. Kisha kiwekwe juu ya kitako cha zege, katikati ya kishimo. Basi. Afumbue macho. Ameshafika Mbozi, na ameokoa nauli.

Ukimya uliotupata pale nimekuja kuusikia tena mara moja tu maishani, siku matokeo ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa yalipotangazwa na mgombea wetu akawa na kura tatu. Ishirini na wanane tumesimama, tumejaa vumbi kama matofali, tunakitazama. Upepo unapita. Dada wa Unguja akakohoa. Mtu mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya mgonjwa anayeuliza majibu ya vipimo, akasema: "Shimo liko wapi?"

Hapo ndipo alipotokea mzee mlinzi, ambaye ndiye pia mtoa maelezo. Tukampa "kamwene" kwa pamoja. Akatungojea tumalize. "Hiyo mmeshaiacha huko nyuma, wanangu," akasema kwa upole, "hiyo ni ya kwao. Karibuni."

Alikuwa mzee wa heshima, na kazi yake aliijua, kwa hiyo haya nayasema bila kumlaumu hata kidogo. Alitueleza kwamba shimo hakuna. Kimondo kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka, kwa hiyo kama kulikuwa na shimo limeshajifukia lenyewe. Wengine wanasema labda kiligonga mahali pengine kikabingirika hadi hapa. Kishimo tunachokiona kilichimbwa na watu kwa majembe. Zamani kilichokuwa kinaonekana ni mgongo tu. Wakachimba kukizunguka pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaijengea zege kisije kikaanguka mara ya pili.

CR alikuwa anasikiliza huku ameikunja ratiba yake ya picha, nusu, robo, mpaka ikaingia kwenye ngumi.

Mzee akaendelea. Uzito ni tani 16 hivi. Ni chuma, asilimia 90, nikeli asilimia 8, na vikorokoro vingine. Vitabuni imeandikwa kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa Nott, kutoka Johannesburg. Aliposema "kiligunduliwa" alitabasamu upande mmoja, na mimi hata leo nikikutana na neno hilo kwenye kitabu natabasamu upande huo huo. Wanyiha walikuwa wanakijua kitambo. Walikiheshimu, walikiogopa, hawakuwa na haja ya kukitangaza. Na kumbuka Wanyiha walikuwa wafua chuma. Walichimba udongo wenye madini, wakajenga matanuru, wakavukuta mivukuto, wakatoka jasho kupata chuma cha jembe moja, huku tani 16 za chuma kilichoiva kabisa zimekaa kilimani hapo hapo, na hawakukigusa. Mimi naheshimu watu wa namna hiyo. Mtaani kwetu mfuniko wa chemba hauchukui wiki.

Maana waliokuja baadaye walikigusa. Upande wenye ncha kuna mikwaruzo na makato ya msumeno, ya watu waliotaka kipande cha kupeleka nyumbani. Niliweka kidole kwenye kato moja. Lilikuwa la kina cha nusu kidole, na kuta zake ziling'aa bado, nyeupe kama kisu. Nikamwaza huyo mtu: amekuja na msumeno wake, amekata, amekata, jasho linamtoka, chuma hakitaki, kisha giza linaingia, anafunga mfuko anaondoka. Kwingine uso wa kimondo una vibonyeo vidogo vidogo, kama unga wa maandazi uliobonyezwa na dole gumba. Moto wa angani ndio uliobonyeza. Na kilikuwa cha baridi. Jua la saa tano lilikuwa limekiwakia, lakini ukiweka kiganja kilikunyonya joto lote mpaka kwenye kiwiko.

Dokta, kwa kuona nyuso zetu, akajaribu kutuokoa kwa hesabu. Chuma ni kizito, akasema. Kimondo hiki ukikiyeyusha chote kitajaza matenki mawili tu ya maji ya lita 1,000, yale meusi ya juu ya paa. Lakini kinazidi kwa mbali uzito wa Kosta mbili zilizojaa abiria. Ilikuwa hoja nzuri. Kosa lake ni kututajia matenki. Kuanzia hapo kila nikikitazama naona matenki mawili, na nyumbani kwetu kuna matatu.

Ndipo yule dada wa Unguja, ambaye alikuwa amemwachia Mungu roho yake pale Kitonga kwa ajili ya siku hii, akasogea mbele. Akajitengeneza taulo begani. Akauliza kwa adabu zote za kwao:

"Samahani, babu. Ndiyo hiki hiki, au kuna kingine?"

"Kingine kipo," akajibu mzee.

Nyuso ziliwaka! CR akafungua ngumi.

"Kikubwa kuliko hiki," mzee akaendelea. "Chenyewe kina tani 60."

"Kiko wapi?" tukauliza wote.

"Namibia."

Kutoka nyuma, kwenye gari, dereva akasema bila kuulizwa: "Mimi nimelipwa mpaka hapa."

Mzee akafikiri kidogo, halafu kwa huruma akaongeza: "Hata hicho nacho hakina shimo."

Picha tulipiga. Betri ya kwanza ilikuwa imekufa kwa baridi au kwa aibu, ya pili ikatosha picha nne. Watu sita walishuka kwenye kile kishimo cha majembe wakaomba wapigwe kwa chini, waonekane kama wako korongoni. Picha ya wote ndiyo iliyobaki kwangu. Tumejipanga mistari mitatu, tumetoa vifua, na CR yuko katikati mbele, mikono kiunoni, kama aliyekiua. Kwa sababu ya mwili wake na pozi lake, kimondo hakionekani kabisa. Kinachoonekana ni wanafunzi 28 na mwalimu wao wamesimama porini, wamefurahi, bila sababu.

Kabla ya kuondoka tukasaini kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, maoni. Nikapekua nyuma nione wenzetu waliandika nini. "Nimejifunza mengi." "Mungu ni mkubwa." "Tudumishe urithi wetu." Kurasa kadhaa nyuma nikaukuta mwandiko ninaoujua, wa yule kaka wa mwaka wa tatu, mla wali maharage, yule wa hakisimuliki. Kwenye nafasi ya maoni alikuwa ameandika neno moja.

"Mbali."

Nilikaa na kalamu hewani. Nyuma yangu foleni inasukuma. Nikaandika: "Nimejifunza mengi."

Kurudi ilikuwa siku nzima na usiku. Hakuna aliyeongea mpaka Makambako. Tulipita njia panda ya Uyole, inayoelekea Rungwe, na kiti cha nyuma nikasikia pumzi ndefu ikitoka. Nafikiri ni hapo CR alipopewa vitunguu vyote avishike yeye.

Sasa hapa ndipo ninapotakiwa kusema ukweli. Jumatatu tulipoingia kantini, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza walikuwa wanatusubiri. Vipi kimondo, kaka? Tulikuwa watano mezani. Tukatazamana. Kilomita 900 kwenda, kilomita 900 kurudi, na hela ya bumu imeteketea. Sasa ukiwa umetoka huko, useme ulikwenda kuona jiwe? Nani atakuoa? Nikaweka kijiko chini. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye masufuria. "Hakisimuliki," nikasema. Mwaka uliofuata walikwenda wote, gari mbili.

Mwisho wa muhula tukapewa mtihani. Kuhusu vimondo halikutoka swali hata moja. Swali la nne lilisema: eleza, kwa kutumia mfano wa Tanzania, jinsi ziwa la kreta linavyotokea. Mnyakyusa wetu aliomba karatasi za nyongeza mara mbili. Tuna kundi la WhatsApp la darasa mpaka leo, na kila mwezi wa sita, tarehe ile ile, huweka picha ya Ziwa Ngosi. Haandiki neno. CR huweka kidole gumba.

Kwa hiyo mpwa aliponiuliza, "Mjomba, wewe si ulishakwenda, kikoje?" nilikuwa na nafasi ya kukata mnyororo. Mke wangu alikuwa kando, anasikiliza. Huyu tangu uchumba namwambia kwamba nimeshika kwa mikono yangu kitu kilichotoka angani, kikubwa kama nyumba; mwanzoni ilikuwa ya chumba na sebule, na kadiri ndoa ilivyoendelea nimekuwa nikiongeza vyumba. Nikamtumia kijana Sh 50,000, na chini yake nikaandika hakisimuliki.

Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, simu ikaita, ya video. Mke wangu akasogeza kiti. Kwanza tukaona vumbi jekundu, kisha viatu, kisha uso wa mpwa wangu, mwekundu kama tofali. Mtandao ukakwama, ukarudi. Akageuza kamera. Pale pale. Hakijanenepa, hakijakonda. Kando yake kijana mmoja mwenye mwili, mikono kiunoni, anapigwa picha.

Mke wangu akakitazama. Akanitazama. "Vyumba vitatu viko upande gani?" akaniuliza.

"Mjomba," sauti ya mpwa ikaja imechoka, "ndiyo hiki hiki? Au kuna kingine?"

"Kipo," nikasema. "Namibia."

Akageuka kuwapasha wenzake, "Mjomba anasema kingine kiko Namibia!" Kimya kikapita kule Mbozi, nikausikia upepo kwenye simu, halafu kwa mbali, upande wa gari, sauti ya mtu mzima:

"Mimi nimelipwa mpaka hapa."